Kila kikwembe na namba yake

Mama mmoja wa Kampemba aliagiza vikwembe 40 kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Alinitumia picha aliyoitoa kwenye katalogi yangu ya WhatsApp, akalipa nusu ya feza kwa simu, nami nikafunga mzigo nikimshukuru Mungu. Siku ya ndoa, mashangazi wa bibi harusi walipanga mstari mbele ya kanisa, na mstari ule ulikuwa na rangi mbili: huku buluu iliyokoza, kule buluu inayoelekea zambarau. Mama yule hakunipigia kelele. Alinivuta pembeni akasema, "Mama, watu watadhani tumekuja familia mbili."

Kosa lilikuwa langu. Mchoro ulikuwa mmoja, rangi mbili, nami nilikuwa nimeziandika zote kwa jina moja: "waksi buluu ya maua". Rafuni zililala pamoja, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Nilihesabu 40 kwa mwanga wa simu nikafunga.

Nauza vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Luano, Lubumbashi, karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege ikitua mnanyamaza kwanza ndipo mnaendelea kupatana bei. Nilianza mwaka 2020 na vitambaa 23. Vitambaa 23 unavijua kama watoto wako. Vilipofika 100, nilikumbuka rafu ya kila kimoja, si bei yake. Vilipopita 300 kumbukumbu yangu ilianza kunidanganya, na ubaya wa kumbukumbu inayodanganya ni kwamba inasema kwa sauti ileile iliyokuwa ikisema kweli.

Dawa niliiona kwenye mizigo yenyewe. Kila begi linaloshuka Luano, liwe limetoka Dubai kupitia Addis Ababa au Nairobi, limebandikwa karatasi yenye herufi FBM. Herufi F haimo katika neno Lubumbashi. Haidhuru. Hakuna uwanja mwingine wenye FBM, kwa hiyo begi linafika. Nikaelewa kwamba namba ya bidhaa haina kazi ya kueleza bidhaa. Kazi yake ni kutofanana na nyingine yoyote. Zamani nilikuwa natunga alama ndefu zenye rangi, bei na mwezi wa kununua ndani yake. Bei ikipanda, alama inakuwa uongo.

Sasa kila mchoro una namba yake, kila rangi ya mchoro huo ina herufi yake, na kila mzigo ulioingia una namba yake ya mwisho. 087-B-3 ni mchoro wa 87, buluu iliyokoza, mzigo wa tatu. Wengi huuliza mzigo unahusu nini. Unahusu rangi: kitambaa kilekile kikichapwa mara ya pili kinaweza kutofautiana kidogo na cha kwanza, na tofauti ambayo huioni ndani ya chumba inaonekana wazi juani mbele ya kanisa. Kwa ndoa sichanganyi mizigo miwili, hata mteja akinisihi.

Lakini mteja kwa kawaida hatafuti kwa namba. Waksi kwa desturi hutoka kiwandani na namba, na jina hulipata sokoni. Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, imechapa michoro ambayo wanawake wauzaji wa Afrika ndio walioibatiza: kuna unaoitwa Mume Wangu Anaweza, kuna Jicho la Mke Mwenzangu, kuna Plagi Sita. Ndugu zetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: maneno yaliyochapwa kwenye kanga wanayaita jina la kanga, na mtu hununua jina pamoja na kitambaa.

Kuna siku mteja wa Katuba aliniuliza kama ninacho Mume Wangu Anaweza. Nikatafuta, nikajibu hakuna. Kilikuwepo, nyuma ya mgongo wangu, kimeandikwa "waksi ya duara, kijani". Tangu hapo kila mstari wa daftari langu una nafasi ya majina: la Kifaransa, la Kiswahili, na lile alilolitumia mteja wa mwisho, hata kama ni "kile alichovaa mke wa mchungaji". Jina jipya likija naliongeza, la zamani silifuti. Namba ni yangu. Majina ni ya wateja.

Bei naiandika kwa dola, na kiwango cha kubadilisha kuwa faranga kinakaa mahali pamoja tu, juu ya jedwali. Kikibadilika, nagusa mahali pamoja. Na kwa kuwa mdogo wangu huuza bidhaa hizohizo Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi, hakipimwi kitambaa kabla hajanitumia namba yake. Bila hivyo tutauza yadi sita zilezile kwa watu wawili, na mmoja wao atatuita wezi.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuondoa. Katalogi ya WhatsApp inapokea bidhaa 500, na wafanyabiashara wengi hulalamika kuwa ni chache. Mimi kikomo hicho kimenisaidia. Kila Jumapili jioni napita mstari kwa mstari, na kilichokwisha nakificha usiku huohuo. Picha ya kitambaa ambacho huna ni ahadi, na mteja wa mbali hana rafu ya kuchungulia. Ana neno lako tu.

Ila namba ya kilichokwisha siipi kitambaa kingine kamwe. Mwezi uliopita ujumbe uliingia kutoka Kampemba, wenye neno moja: "087-B?" Alikuwa mama yule wa ndoa, binti wa pili anaolewa. Nilifungua daftari. Nikamjibu kwamba 087-B-3 imebaki vipande 12 tu, havitoshi, na sitajaza pengo kwa mzigo mwingine. Nikamtumia picha ya 214-A, vipande 60, mzigo mmoja, niliyoipiga dirishani saa nne asubuhi.

Alijibu: "Hiyo, Mama. Yote mzigo mmoja?"

"Mzigo mmoja," nikaandika, nikaenda kuvihesabu juani, uani.