Daya wa Mangateen

Watu wa Mangateen, mtaa wa Juba, walimwita Daya, kama wanavyoitwa wakunga wote katika Kiarabu cha Juba, waliosoma na wasiosoma. Kwangu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyenilea katika kambi ya Kakuma kule Turkana na kunirudisha nyumbani baada ya amani ya 2005. Alifariki mwaka 2023, wakati wa mvua. Tangu hapo nimesikia sifa zake nyingi, na karibu zote ni za moyo wake. Mimi nataka kueleza kazi yake, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyobadilisha namna wanawake wa mtaa wetu wanavyojifungua.

Mangateen tuliyohamia ilikuwa imejaa familia za Wanuer waliorudi kutoka Khartoum, Ethiopia na Kenya. Nyumba za mabati na matope zilijengwa haraka, maji yalinunuliwa, na mtoto alizaliwa kwenye mkeka, bibi mmoja akiwa kichwani na mwingine miguuni. Hospitali ilihesabiwa kuwa mahali pa kwenda kufa, na hofu hiyo haikuwa ya bure: aliyepelekwa huko mara nyingi alikuwa ameshamaliza siku mbili akihangaika nyumbani. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba Sudan Kusini ilipoteza akina mama 2,054 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango cha juu kuliko karibu nchi zote duniani. Walikufa kwa kutokwa na damu, kwa uchungu uliokwama, kwa kifafa cha mimba, kwa homa baada ya kuzaa. Shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kuzalisha kwa kumwangalia mama mkwe wake, na aliwazika baadhi ya aliowashika mkono.

Mwaka 2010 chuo cha uuguzi na ukunga kilifunguliwa Juba. Shangazi alikuwa mjane mwenye watoto watatu, pamoja na sisi wapwa, na wenzake darasani wangeweza kuwa binti zake. Alikwenda. Jioni alisonga asida, akatulisha, kisha akakaa na tochi na daftari huku kijana wake mkubwa akimuuliza maswali ya mtihani. Kiingereza cha vitabuni kilimtesa, lakini alikuwa na Kiswahili cha Kakuma, na wakunga kutoka Kenya na Uganda waliokuja Juba kufundisha walimfafanulia kwacho. Nchi ilipopata uhuru Julai 2011, wakunga wake wenye stashahada walihesabika kwa vidole. Mwaka 2013 alikuwa mmoja wao.

Alirudi mtaani akiwa na cheti, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wale mabibi. Hakuwafukuza kwenye mkeka. Aliwaambia, “Mama zangu, nyinyi mnajua kumtuliza mwanamke kuliko mimi. Nisaidieni, na mimi nitawaonyesha hatari inavyoanza.” Wakajifunza kutumia wembe mpya, kunawa mikono kwa sabuni, kuhakikisha mtoto ananyonya mara tu azaliwapo ili tumbo la uzazi lijikaze, na kutosubiri damu ijae beseni ndipo waite msaada. Kisha akageukia sanduk, mchango wa kila wiki wa wanawake wa mtaa. Aliwashawishi watenge sehemu ndogo kwa ajili ya nauli ya boda boda, na akaelewana na vijana wa boda kwamba mlango wao ukigongwa usiku kwa jina la Daya, wanaamka. Bibi aliyekuwa akiita hospitali kaburi sasa ndiye aliyetangulia kumpandisha mjamzito kwenye pikipiki.

Haya yote yalidumu miezi michache tu. Tarehe 15 Desemba 2013 vita vilianza Juba, na katika siku zilizofuata Wanuer kama sisi waliuawa majumbani mwao katika mitaa kadhaa, ikiwemo Mangateen na Gudele. Tulikimbilia kituo cha Umoja wa Mataifa cha Tomping, karibu na uwanja wa ndege. Shangazi aliacha sufuria na magodoro, akabeba mfuko wa glavu na mikasi. Wanawake walijifungua chini ya maturubai, na mvua za 2014 zilipokuja walijifungua juu ya matope, mwaka ambao kipindupindu kiliingia Juba. Tulihamishiwa kituo kingine cha Umoja wa Mataifa, UN House, upande wa Jebel, na huko Julai 2016 risasi zilitufuata hadi ndani. Kila tulipohamishwa alianza upya na mabibi wapya, kwa maneno yale yale.

Mwaka 2018, baada ya mapigano kati ya wakazi wenyewe wa kambi, zaidi ya watu 3,000 walipelekwa Mangateen, nasi tukiwemo. Tulirudi mtaa wetu wa zamani tukiwa wakimbizi wa ndani, na turubai letu halikuwa mbali na kiwanja kilichokuwa nyumba yetu. Lakini huko ndiko nilikoona matunda yake. Wasichana waliozaliwa mkekani walikuwa wanakuja wenyewe, mimba ikiwa bado changa, wakitaka kupimwa shinikizo la damu. Hakuna aliyewasukuma.

Kwenye matanga watu walisimama mmoja mmoja kusema kwamba Daya hakujua kulala. Binti yake, aliyekuja kutoka Nairobi, akawajibu: “Msimsifu kwa kutolala. Mama alitaka sana kulala. Hakukuwa na mtu wa kumpokea zamu.” Watu walinyamaza. Mimi nilijua anasema kweli. Shangazi alikosa mahafali ya binti huyo kwa sababu mwanamke alikuwa anatokwa damu, na kwa miezi mingi alifanya kazi bila mshahara, akitulisha kwa shukrani za watu: kuku, unga, sukari.

Hali hiyo haikuzikwa naye. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta linalopita Sudan kuharibika, watumishi wa umma wa Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mshahara, wakunga wakiwa miongoni mwao. Tunapoita kazi bila mshahara kujitolea, tunapamba deni kwa jina zuri. Aliyoyajenga shangazi yalisimama kwa sababu aliwafundisha wengine, lakini hao nao wana watoto wa kulisha. Ukikutana na mkunga kambini, usimwambie ana moyo. Muulize alilipwa lini mara ya mwisho, kisha lipeleke jibu lake kwa wanaopaswa kumlipa.