Handaki Lililogeuzwa Karakana

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ni nadra kumkuta mtu aliyejenga chumba chini ya sakafu ya nyumba yake. Twajenga juu ya ardhi, na tukipata uwezo twazidi kupanda juu. Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi: tunayo majina ya ukumbi, sebule, roshani, dari na ghorofa, lakini chumba kilicho chini ya ardhi hatukukipa jina la heshima. Tukikutana nacho twakiita shimo, au twakiita handaki, na handaki ni neno la vita. Asili yake ni Kiarabu, khandaq, yaani mtaro uchimbwao kumzuia adui. Wasomaji waijuao historia ya Uislamu wanavikumbuka Vita vya Handaki vya Madina, mwaka 627. Hata wale waliowahi kuishi ndani ya ardhi katika pande zetu hizi hawakufanya hivyo kwa kupenda. Wairaqw wa Mbulu, kule Tanzania, walichimba nyumba zao katika miteremko ya vilima ili Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe wapite bila kuziona.

Nyumba yetu iliyoko Katwe, katika wilaya ya Kasese, ina chumba cha namna hiyo, na hapa tunataka kueleza jinsi tulivyokikausha hata kikafaa kuwa karakana. Walimu wenzetu watatuwia radhi ikiwa sehemu nyingine za makala haya zitanuka saruji kuliko sarufi.

Hatuna budi kwanza kueleza Katwe ni mahali gani. Ni mji mdogo ulioketi juu ya ukingo mwembamba wa ardhi, upande mmoja ukitazama Ziwa Edward lenye maji baridi, na upande wa pili ukitazama ziwa la chumvi lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale. Ziwa hilo la pili halina mto uutokao. Maji huingia, jua huyanywa, chumvi hubaki. Wanawake huchimba viwanja vya chumvi kando ya ziwa na kuvitenga kwa kingo za matope, na wanaume huingia majini kuvunja magadi na chumvi ya mawe iliyo chini. Chumvi hii imepiganiwa tangu zamani. Wafalme wa Bunyoro, Toro na Ankole waliitamani, na mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapa, akaiita Fort George. Katika zama zetu kilijengwa kiwanda cha kisasa kwa fedha za Ujerumani Magharibi, nacho hakikudumu, kwani mabomba yake yaliliwa na maji yale yale ambayo kilikuja kuyachemsha. Mtu akikaa Katwe hujifunza mapema kwamba chuma na chumvi havilali kitanda kimoja.

Handaki letu lilichimbwa na marehemu baba mwaka 1979, wakati utawala wa Idi Amin ulipokuwa ukianguka na askari wenye njaa wakipita njiani. Nyumba iko kwenye mteremko, na mwamba wa hapa ni majivu ya volkano yaliyogandamana, ambayo sururu huyakata pasipo taabu kubwa. Alichimba chini ya chumba cha nyuma, hatua tano kwa nne, akaweka mlango upande wa bondeni na kuuficha kwa kuni. Humo mama alikaa na watoto wake usiku mwingi, taa imezimwa. Amani iliporudi, chumba kikawa ghala la chumvi: magunia yaliingizwa wakati wa jua, chumvi ikiwa tele na bei iko chini, yakatolewa wakati wa mvua. Ikawa hivyo miaka mingi, mpaka baba alipofariki. Baadaye hapakuingia mtu ila popo.

Mama alitaka shimo lile lifukiwe. Sisi tulitaka litumike, nasi tulikuwa na sababu. Mdogo wetu wa mwisho ni seremala, na banda alilokuwa amepanga lilichukuliwa na mwenyewe, naye akabaki na randa, misumeno, patasi na jiriwa yake chini ya kitanda, ambako vilianza kuota kutu. Tena alikuwa amepata kazi nzuri. Tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, baadhi ya walimu waliotuzunguka wamekuwa wakitafuta vifaa vya kufundishia, na mmoja wao alimwagiza herufi za mbao. Mbao zikinyonya unyevu hupinda, na herufi iliyopinda haikai katika mstari wake. Alihitaji mahali pakavu, na fedha za kupanga banda jingine hazikuwapo.

Tulimwendea mama jioni moja, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, mimi nimelala mle nikiwa nimemziba mtoto mdomo asilie. Fanyeni mtakalo mpaka mvua za Septemba. Zikija, na mle ndani mkawa bado majimaji, mtafukia ninyi wenyewe kwa mikono yenu. Na jina lile nisilisikie tena." Ulikuwa mwezi wa Juni.

Kabla ya kushuka tuliteremsha taa ya chemli kwa kamba, tukaiacha sakafuni kwa muda. Jirani zetu wa Goma wana neno mazuku, yaani ile hewa nzito ya volkano ikaayo mabondeni na kuua watu na mifugo bila kutoa harufu wala sauti. Hatukuwa na habari ya mazuku nyumbani kwetu, lakini shimo lililofungwa kwa miaka mingi katika nchi ya volkano si la kuingia kwa kuaminiana. Taa haikufifia, tukaingia.

Kuta zilikuwa zikitoka jasho, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa majuma matatu. Hapo ndipo fundi mwashi tuliyemwita aliposhauri tupige lipu ya saruji nzito pande zote, sakafu na kuta, mambo yaishe. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, akatuambia tuuonje ukuta. Tukaulamba. Ulikuwa chumvi tupu upande mmoja, ule uliokuwa ukiegemezwa magunia; upande wa mlimani ulikuwa na ladha ya udongo tu. Katika onjo hilo mlikuwa na elimu yote tuliyoihitaji. Jasho lilikuwa la namna mbili. Upande wa mlimani maji yalitoka ardhini yakapenya mwambani. Upande wa magunia maji yalitoka hewani, kwa kuwa chumvi huyavuta: chumvi safi ya kula huanza kulowa pindi unyevu wa hewa upitapo kiasi cha asilimia 75, na ukuta ulioshiba chumvi hufanya vivyo hivyo. Kwa kuhakikisha tulibandika vipande vya nailoni kutani, tukaziba kingo zake kwa gundi, tukaviacha siku mbili. Upande wa mlimani matone yalionekana nyuma ya nailoni, na upande wa pili yalikuwa mbele yake.

Basi shauri la fundi halikufaa, na tunaomba kulieleza hili kwa kirefu kidogo, maana nyumba nyingi zinaharibiwa kwa namna hii. Saruji ngumu haiondoi maji, huyafungia. Maji yaliyofungiwa nyuma ya lipu hutafuta njia nyingine, hupanda juu, na chumvi iliyomo ndani yake inapoganda kuwa fuwele hutanuka na kuisukuma lipu mpaka ikabanduka kama magamba. Wenyeji wa Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua jambo hili vizuri. Nyumba zao za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua, na zile zilizokuja kutiwa viraka vya saruji zimepata maradhi ambayo wajenzi wa kwanza hawakuyajua.

Na neno saruji lenyewe lina kisa. Limetoka Uajemi, na huko sārūj halikuwa jina la unga wa kiwandani, bali la mchanganyiko wa chokaa na vitu vingine, kama vile majivu au udongo uliochomwa, uliotumiwa kujengea mabirika na mifereji. Huko Oman mpaka leo jina hilo hutumika kwa chokaa ya udongo wa kuchoma ipakwayo katika mifereji ya falaji. Yaani neno lililofika kwetu lilikuwa jina la kitu laini kinachoelewana na maji, nasi tukalihamishia kwenye kitu kigumu kinachoyapinga. Hatusemi kwamba neno lirudishwe. Twasema tu kwamba mwanafunzi akiuliza tofauti ya saruji na simenti, mwalimu asikimbilie kumwambia kuwa ni kitu kimoja.

Kazi yenyewe ilianzia nje. Tuliweka michirizi kwenye paa, kwani maji yote ya bati yalikuwa yakimwagika nyuma ya nyumba, juu kabisa ya ukuta wa mlimani. Kisha tukachimba mtaro upande huo, kina chake kikashuka chini ya sakafu ya chumba, tukaufuata na kuuzungusha hadi bondeni. Ndani yake tulilaza bomba lenye matundu, tukalifunika kwa kokoto, na juu ya kokoto tukatandika magunia kabla ya kurudisha udongo, ili matope yasiyazibe matundu. Kazi hii ilichukua mwezi mzima na kuchosha migongo yetu kuliko nyingine zote, nayo haionekani. Mgeni akija leo hana la kusifu. Sisi tunaamini kuwa nusu ya ukavu wa chumba umo katika mtaro ule.

Ndani tuliondoa udongo wa sakafu kina cha mkono mzima, kwani ulikuwa na chumvi hata ungaliweza kuuza. Tulijaza mawe na changarawe, tukatandaza nailoni nene iliyopanda kutani kidogo, kisha zege. Mchanga tuliuleta kutoka mtoni upande wa Kasese na maji yalikuwa ya baridi; cha ziwa la chumvi hatukukitumia hata kijiko. Wala hatukutia nondo. Zege la sakafu iliyolala juu ya mawe halina haja kubwa ya chuma, na mfano wa kiwanda tulikuwa nao mbele ya macho yetu.

Ukuta wa magunia ndio uliotaka subira. Ilibidi utapishwe chumvi. Tulichanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa mbao, tukaukanda kwa maji baridi, tukaupaka unene wa kidole. Udongo huo unapokauka huvuta maji kutoka ukutani, na maji huja na chumvi yake. Baada ya siku kumi ulikuwa umeota manyoya meupe na kuanza kuanguka. Tuliukwangua, tukaupeleka mbali, tukapaka mwingine. Tulifanya hivyo mara nne. Kila mara mama alikuwa akiitwa kuonja, naye alikuwa akionja kipande kilicholetwa mlangoni. Cha kwanza alikitema. Cha nne alikitafuna kidogo, akasema kimekuwa kama mchuzi uliosahauliwa chumvi.

Hapo tukapiga lipu ya chokaa iliyochomwa Muhokya, kando ya barabara iendayo Mbarara, tukaipaka rangi ya chokaa hiyo hiyo. Lipu ya namna hii si ya milele. Chumvi iliyobaki itaendelea kutoka taratibu, na baada ya miaka kadhaa itatubidi tuikwangue na kupiga nyingine. Ndiyo kazi yake: afadhali ife lipu kuliko ukuta.

Lilibaki suala la hewa. Tuliweka tundu moja chini karibu na mlango na bomba moja refu upande wa pili, limetokeza juu ya paa na kupakwa rangi nyeusi. Jua likilichoma, hewa iliyomo hupanda na kuivuta ile ya chumbani. Watu wengi hufungua chumba cha chini mchana wa joto wakidhani wanakikausha, kumbe hewa ya moto yenye unyevu ikikutana na ukuta baridi huacha maji yake hapo hapo. Sisi hufungua usiku na alfajiri, na mchana wa mvua hufunga. Meza ya kazi haigusi ukuta, mbao hulala juu ya viguzo, na zana hupakwa mafuta kila jioni na kutiwa sandukuni.

Mvua zilianza wiki ya pili ya Septemba. Siku ya kwanza ya kunyesha mama alishuka. Hakusema neno. Alipapasa ukuta wa mlimani kwa kiganja, akanusa kiganja, akatazama pembe ile aliyokuwa akikaa na watoto, ambayo sasa ina jiriwa. Kisha akatoa kisahani kilichokuwa ndani ya kanga, kimejaa chumvi ya Katwe, akakiweka juu ya rafu na kutuambia kisiguswe. Chumvi yetu imechanganyika na madini mengine, kwa hiyo haiifuati kikamilifu ile hesabu ya asilimia 75, lakini kwa mtu aliyeitazama maisha yake yote inatosha kuwa kipimo. Mwezi wa Oktoba ilikaa kavu. Mwezi wa Novemba ililowa asubuhi tatu, na mara moja ikayeyuka pembezoni. Siku hizo mdogo wetu hakupasua mbao. Mama hushuka kila Jumamosi kuikagua. Neno la kufukia halijatajwa tena, na chumba hukiita "kwa seremala".

Neno karakana, ambalo nalo ni la Kiajemi na maana yake ni nyumba ya kazi, tumeliandika juu ya mlango kwa herufi za mbao zilizochongwa humo humo. Seremala alinung'unika kwamba neno moja limemtoka A nne. Tulimweleza kwamba Kiswahili ndivyo kilivyo, maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mwalimu aliyeagiza herufi sawa kwa sawa, kumi kumi za kila aina, atajikuta na akiba kubwa ya V na F huku watoto wakigombania A na I. Ameyachukua maneno hayo kwa mwenye kuagiza. Sasa A zinachongwa 60, I 40, na V tano tu. Ng' bado wanajadiliana kama ichongwe kuwa kipande kimoja au viwili.