Kikole: Mchoro Usio na Sura ya Kitu

Mgeni anayeingia Kikole, wilayani Kilwa, huonyeshwa mambo ya kale kabla ya mambo ya sasa. Sisi wa kamati ya msikiti tungependa aanzie barazani pa madrasa, Jumamosi baada ya Alasiri, wakati watoto wa darasa la kwanza na la pili wameweka juzuu zao pahala pa heshima na kushika rangi. Hawachori nyumba wala samaki. Mwalimu huwaambia wachore upepo wa kusi, ukali wa ndimu, au ukimya wa msikiti kabla ya adhana ya Alfajiri. Karatasi hujaa mistari na madoa. Wenye elimu huiita sanaa dhahania: mchoro usioiga sura ya kitu chochote.

Baadhi ya wazazi hawakuridhika. Mmoja alitujia na karatasi ya bintiye mkononi: "Masheikh, hiki ni nini? Nimemleta mtoto ajue kusoma, anarudi na madoa?" Akamzuia binti, na wazazi wawili wakamfuata. Ikatubidi tuamue kama somo liendelee.

Upande wa sheria haukutuchukua muda. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mistari na rangi tupu ziko mbali zaidi na shubha. Swali zito lilikuwa la faida.

Basi tukasafiri, watoto pamoja na wazazi, kwa gari hadi Kilwa Masoko, kisha kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331. Katika Msikiti Mkuu watoto walihesabu pembe za nguzo: nane. Wakainua macho kwenye kuba, mduara juu ya mraba, wakabishana jinsi fundi alivyouketisha. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakakuta birika la kuogea, nalo lina pembe nane. "Linafanana na nini?" akauliza mmoja. Watu wazima tukatazamana. Halifanani na kitu. Ni umbo tu, na linapendeza.

Mama wa yule binti, msukaji wa mikeka ya ukindu, hakusema neno mpaka tulipokuwa mashuani kurudi. Ndipo akasema kwamba mapambo anayoyasuka hayana sura ya kitu, na tangu aanze kusuka hakuna aliyemwuliza mkeka wake ni picha ya nini. Mumewe alitazama maji.

Tuliwaeleza pia habari za Ibrahim El-Salahi, mchoraji Mwislamu aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Qur'ani, na mkono wake ulizoea kalamu juu ya ubao wa chuo. Baadaye alizivunja herufi za Kiarabu zikawa maumbo, na mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa Tate Modern, London.

Mtoto akikuletea karatasi ya namna hii, mwulize alianzia wapi, na kwa nini rangi hii imekaa kando ya ile. "Hiki ni nini?" humfunga mdomo.

Somo linaendelea. Yule baba amemrudisha bintiye kwa sharti kwamba saa ya hesabu isiguswe, nasi tumelikubali. Karatasi iliyoleta mzozo imebandikwa barazani. Ni ya buluu na nyeusi, na nyuma yake pameandikwa kwa penseli: bahari, usiku.