Likizo ya Juni Pangani: bahari ya taarabu inayotaka subira

Shule zinapofungwa mwezi Juni, wazazi wengi wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam huanza kuulizana wawapeleke wapi watoto. Pangani ni moja ya majibu. Mji huu mdogo uko kilomita zipatazo 50 kusini mwa jiji la Tanga, pale Mto Pangani, wenye maji yatokayo milima ya Kilimanjaro na Meru, unapoingia Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini ni mji wenyewe na majumba yake ya kale. Ng'ambo ni Bweni, na pantoni huvusha watu na magari kutwa nzima.

Majumba ya kale hayamshikilii mtoto wa darasa la tatu kwa muda mrefu. Akishaona dau limetweka tanga, anataka kupanda. Hapo ndipo mzazi anapohitaji kujua jambo moja: Juni ni mwezi wa kusi.

Mwaka wa pwani una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati ya msimu huo, Juni hadi Agosti, mara nyingi huwa na nguvu. Asubuhi bahari inaweza kuwa shwari, mchana ikachafuka. Kalenda ya shule haikupangwa kwa kufuata pepo hizi, kwa hiyo likizo na bahari kali hukutana kila mwaka.

Njia ya waimbaji

Kabla ya barabara ya lami, muziki wa pwani ulisafiri na vyombo vya baharini. Unguja, Pemba, Pangani, Tanga, Mombasa na Lamu ziliunganishwa na majahazi yaliyobeba nazi, chumvi, mikoko na watu, na miongoni mwa watu hao walikuwamo wapiga udi na waimbaji.

Bi Kidude, jina lake Fatuma binti Baraka, ni mfano unaojulikana zaidi. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba aliondoka Unguja akiwa msichana ili kukwepa ndoa ya kulazimishwa, akavuka kuja bara na kuzunguka miji ya pwani pamoja na kundi la taarabu. Alifariki dunia Aprili 2013 akiwa ameimba kwa miongo mingi. Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Aliyeandika wasifu wa Siti ni mwana wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye aliwahi kufanya kazi ya forodha hapa Pangani.

Pangani nayo ilitoa sauti yake. Shakila binti Saidi, aliyefariki mwaka 2016, alizaliwa hapa, kisha akapata jina Tanga akiwa na Black Star Musical Club. Taarabu ya Tanga ilikuwa na ladha yake: kundi dogo, gitaa na besi za umeme, mdundo wa kuchezeka, tofauti na vikundi vikubwa vya Unguja vyenye qanuni na fidla nyingi. Mzazi anaweza kuwawekea watoto nyimbo za Shakila ndani ya gari wakitoka Tanga. Wakifika ufukweni watakuwa wameshaisikia sauti iliyokulia hapo.

Wasafiri wa zama za tanga walikuwa na nidhamu moja ambayo familia ya leo inaihitaji: walisubiri. Upepo ukikataa, chombo kililala bandarini hata siku kadhaa, na shughuli iliyokuwa ikingoja ng'ambo iliendelea kungoja. Familia yenye chumba cha siku mbili na watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea haina subira hiyo.

Kisiwa kinachozama na kuibuka

Safari inayopendwa zaidi ni ya Maziwe, kisiwa kidogo cha mchanga kusini mashariki mwa Pangani, kilicho chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Wakati huo kilikuwa na miti. Bahari ikala mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha.

Leo Maziwe huonekana maji yakipwa. Maji yakijaa sana, hasa wakati wa bamvua, kisiwa chote hufunikwa. Kasa bado huja kutaga, lakini mayai yakiachwa hapo yangeharibiwa na maji, hivyo huhamishiwa ufukwe wa Ushongo hadi yaanguliwe. Mtoto anayekiona kisiwa hiki kwa macho yake hujifunza mmomonyoko wa fukwe kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Kwa sababu hiyo, saa ya kuondoka hupangwa na maji na upepo. Hakuna kivuli Maziwe, kwa hiyo kofia, nguo za mikono mirefu na maji ya kunywa ya kutosha ni lazima.

Kabla mtoto hajapanda

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Pwani yetu ina kumbukumbu zake. Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakapoteza maisha.

Mambo haya yaangaliwe ufukweni, kabla ya kulipa:

Jaketi okozi liwe la uzito wa mtoto. La mtu mzima humtoka mtoto akiingia majini. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha linyanyue kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, halimfai. Livaliwe safari nzima, lisiwe la kukalia.

Hesabu watu. Chombo kiwe kimekaguliwa, na kisizidishe idadi kilichoruhusiwa kubeba. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na TASAC, na nahodha mwenye vibali haoni haya kuvionyesha.

Kichefuchefu kina njia zake. Mpe mtoto chakula chepesi, mkalishe katikati ya chombo na mwambie atazame mbali, mahali mbingu na bahari zinapokutana. Dawa za kuzuia kutapika asipewe bila ushauri wa daktari au mfamasia, hasa aliye mdogo. Akitapika sana, mpe maji ya chumvi chumvi ya paketi, kidogo kidogo.

Mwisho, muulize nahodha: "Leo unaonaje?" Kisha ukubali jibu. Akisema kusi limekaza, usimwongezee pesa abadili mawazo. Nahodha anayekataa fedha ya mgeni kwa sababu ya upepo ndiye wa kumtafuta tena kesho.

Bahari ikikataa

Watoto watanuna, lakini siku haijaharibika. Kuna safari ya mtoni, ambako minazi na mikoko huzuia upepo na maji ni tulivu, ingawa jaketi ni lilelile. Kuna Tongoni, kusini kidogo mwa jiji la Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa ya nguzo. Jijini kwenyewe, ukisimama ufukweni unakiona Kisiwa cha Toten, nacho kina magofu na makaburi ya wakazi wa zamani.

Jioni, mkiwa mmekaa barazani, mnaweza kuwasimulia watoto habari za Bi Kidude, msichana aliyevuka maji haya haya, na za wasafiri waliolala bandarini wakingoja upepo ugeuke. Kisha waambieni kwamba nyinyi pia mnangoja. Asubuhi, maji yakipwa na nahodha akiridhika, Maziwe itakuwa imeibuka tena.