Baiskeli Kuukuu, Kazi Mpya

Akina mama wengi tukisikia habari za baiskeli tunadhani ni mambo ya akina baba na vijana. Sisi huigusa tunapofua suruali yenye grisi, au mtoto anapoletwa zahanati kisigino kimekatwa na spoki. Lakini hapa Tabora baiskeli hubeba asali, tumbaku, mkaa, mgonjwa, na hata mama aliyeshikwa na uchungu. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha wengine tu. Ndiyo maana tungependa kuwasimulia wenzetu jinsi tulivyofufua baiskeli moja nzito ya zamani, na sababu iliyotusukuma.

Sisi ni akina mama wanne wa kundi la kutembelea wagonjwa kanisani kwetu. Kati yetu yumo muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, mshonaji na muuza maharage sokoni. Kila juma tunawaendea watu walioruhusiwa kutoka hospitali lakini bado wanahitaji kufungwa vidonda, kuogeshwa, au kukumbushwa dawa. Wengi wao wanakaa nje ya mji, upande wa Kwihara na Itetemia. Fedha zetu ni michango midogo midogo, na nauli ya bodaboda ilikuwa inalimaliza sanduku.

Alikuwepo mzee mmoja mwenye kisukari na kidonda kwenye unyayo. Kidonda chake kilitakiwa kufungwa kila baada ya siku moja, nasi tuliweza kulipa nauli ya mara moja tu kwa juma. Yeyote anayeijua kazi hii anaelewa hatari yake. Mguu wa mwenye kisukari hausubiri sanduku lijae.

Ndipo tukasikia kwamba bibi mmoja mjane anauza baiskeli ya marehemu mumewe. Ilikuwa Raleigh nyeusi ya Uingereza, ya kiume, yenye mtaimbo, magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma. Ilikuwa imelala stoo miaka mingi nyuma ya magunia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kupita na mizani yake. Bibi alihitaji fedha za sare za mjukuu.

Fundi tuliyekwenda naye akatunong'oneza, "Mama, mpeni bei ya chakavu, atapokea tu. Ana shida." Ni kweli angepokea. Tukatoka nje, tukasimama chini ya mwembe, tukamwuliza fundi swali moja: "Kama hii ingekuwa yako, kwa ubovu wake huu huu, ungetuuzia kwa shilingi ngapi?" Akacheka kidogo, kisha akasema elfu sitini na tano. Tukarudi ndani tukampa bibi elfu sitini na tano. Shida ya mtu isiwe ndiyo inayopanga bei ya mali yake.

Baiskeli kama hii ina historia ndefu. Kiwanda cha Raleigh kilikuwa mji wa Nottingham, na jina lake lilitokana na mtaa wa Raleigh kilikoanzia. Mfanyabiashara Frank Bowden alikuwa na afya mbaya, daktari akamshauri aendeshe baiskeli. Alipopata nguvu aliipenda mno hata akakinunua kiwanda chenyewe mwaka 1888. Karibu na wakati huo huo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi la upepo ili baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu isimrushe rushe. Kwa hiyo ugonjwa wa mtu mmoja na huruma ya baba kwa mwanawe vimo ndani ya chombo hiki.

Historia ya kwetu nayo imo. Kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ilisafiri kwa miguu ya watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 30 na zaidi, wakatembea kiasi cha kilomita 800 kati ya Bagamoyo na Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Safari ya kutoka pwani ilichukua kama miezi mitatu. Mara nyingi wake zao walifuatana nao, wakibeba vyungu, chakula na watoto mgongoni. Vitabu vingi vinawataja wageni, kama Livingstone na Stanley waliokaa Kwihara mwaka 1872. Wale akina mama wa msafara hawana majina vitabuni, lakini njia tunayopita kuwaendea wagonjwa ni ile ile waliyoikanyaga.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Iliendelea kwa majuma matano, jioni na Jumamosi, uani kwa fundi. Tulikubaliana naye kwamba atatuelekeza nasi tutashika spana wenyewe, ili gharama ipungue na tupate kujifunza.

Kwanza tulifungua kila kitu na kukiosha kwa mafuta ya taa. Mnyororo ulilala ndani ya mafuta hayo usiku kucha. Hapo tukajifunza kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, yaani kwa kugeuza spana kama unayekaza. Asiyejua hilo ataharibu nyuzi za chuma kwa nguvu zake mwenyewe.

Pini zinazoshika mikono ya pedali ndizo zilizotusumbua zaidi, kwa kuwa kutu ilikuwa imezigandisha. Tulizidondoshea mafuta siku tatu, kisha tukazigonga kwa nyundo huku tumeegemeza mkono wa pedali juu ya gogo. Ukigonga bila egemeo, pigo linakwenda kuumiza gololi na vikombe vyake vilivyo ndani.

Gololi za ekseli ya kati zilikuwa 11 kila upande, nyingi zimelika. Muuza maharage wetu, mwenye desturi ya kubana matumizi, akapendekeza tubadilishe zile mbaya tu. Fundi alikataa. Gololi mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, hivyo zikichanganywa, chache hubeba mzigo wote na kuharibika mapema. Tulicheka, maana hata katika vikundi vyetu mambo huwa hivyo.

Mwalimu alizihesabu spoki: gurudumu la mbele 32, la nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko uzito ulipo. Tisa zilikuwa zimekatika. Tairi na tyubu mpya ndizo zilizokula fedha nyingi, lakini zilipatikana, kwani tairi za inchi 28 za Phoenix na Avon ziliingia bila taabu. Rangi hatukupaka. Tulisugua kutu kwa msasa laini, tukapitisha kitambaa chenye mafuta, na vichwa vya ndege vilivyochongwa kwenye gurudumu la meno vikaonekana tena.

Mshonaji naye alifanya jambo ambalo sisi wauguzi tunatamani kuliona katika kila baiskeli. Alifuma wavu wa kamba imara, akaufunga pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Wavu huo huzuia khanga isinaswe, na huzuia mguu wa mtoto aliyepakiwa usiingie kwenye spoki. Visigino tulivyovishona ni vingi, na vingi vyao vingeokolewa na wavu kama huo.

Hatukukosa maneno. Mume wa mmoja wetu alisema haiwezekani mke wake apande baiskeli ya mtaimbo mbele ya watu. Hatukubishana naye. Tulieleza habari za mzee yule na mguu wake, tukaonyesha suruali tutakazovaa ndani ya vitenge, kisha tukanyamaza. Mpaka leo hajasema kwamba amekubali. Lakini kila Jumapili jioni ndiye anayezijaza tairi upepo.

Mzee wetu alianza kufungwa kidonda kama ilivyoagizwa. Hatutasema yote yalikwenda vizuri, kwa maana kidole kimoja kilikatwa hospitalini. Lakini mguu umebaki, na anatembea kwa fimbo mpaka kwenye mwembe wake.

Baada ya kazi kwisha tuliipeleka baiskeli kwa bibi aione. Aliigusa siti, akapiga kengele, akakaa kimya. Kisha akatuambia kwamba mumewe alimpakia kwenye karia hiyo usiku aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa mwisho. "Wanangu," akasema, "kumbe bado inajua njia ya kwenda kwa wagonjwa."

Mama mwenzetu, angalia stoo yako kabla hujamwita mwenye mizani. Ukipata baiskeli ya zamani, kagua kwanza fremu. Kama haijapasuka wala kupinda, vingine vyote hubadilishwa. Nunua tairi na raba za breki kabla ya mapambo. Funga wavu kwenye gurudumu la nyuma kabla hujampakia mtoto. Na kama unainunua kwa mtu mwenye shida, mpe bei ambayo ungependa kupewa wewe. Fedha hiyo ya ziada hatujaijutia hata siku moja.