Siku Moja Jabal Akhdar: Mlima, Marashi na Zamu ya Maji

Kwa miezi kadhaa sasa niko Muscat, Oman, kwa kazi ya kuandika programu. Leo naomba tuache kidogo mambo ya kompyuta niwapeleke milimani, halafu mwishoni tutarudi Kisauni kwa njia ambayo hata mimi sikuitarajia.

Jabal Akhdar maana yake ni Mlima wa Kijani, lakini mtu wa pwani akiuona mara ya kwanza atauliza hicho kijani kiko wapi. Ni mawe matupu! Kutoka Muscat tuliendesha kama kilomita 140 hadi mji wa Birkat al-Mouz, jina lenye maana ya birika la ndizi. Hapo kuna kituo cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Ukifika uwanda wa Saiq uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Muscat unalisahau, unatafuta sweta.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja aliyezaliwa Unguja. Alikuja Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia, "Marahaba mwanangu, Mombasa hawajambo?" Nikajiona niko nyumbani.

Kijani chenyewe kimejificha kwenye ngazi za mashamba zilizochongwa ubavuni mwa mlima, katika vijiji kama Al Ayn na Ash Shirayjah. Hapo kuna mikomamanga, na kuna mawaridi yanayochumwa kati ya Machi na Mei. Petali huchemshwa kwenye chungu, mvuke unapoa, unakuwa marashi. Ndiyo, marashi yale yale tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi zetu!

Lakini kilichonishika siku ile ni mifereji. Mfereji wa namna hii huitwa falaji. Oman ina falaji kama 3,000 zinazofanya kazi hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziweka tano katika orodha ya urithi wa dunia. Moja ya hizo tano, al-Khatmeen, iko pale pale Birkat al-Mouz. Maji yanachimbuliwa ardhini chini ya mlima, yanapita kwenye handaki, yanatokea mjini kwa mteremko tu, bila pampu wala umeme. Wenyewe husimulia kwamba falaji za kwanza zilichimbwa na majini waliomtumikia Nabii Suleiman bin Daudi. Nchi hii iliwahi kutawaliwa na maimamu wa ukoo wa Ya'rubi, ambao majeshi yao ndiyo yaliyowatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698, kwa hiyo hatuko mbali sana na historia yetu.

Sasa sikilizeni hili, hasa nyinyi wenzangu wa programu. Falaji haigawi maji, inagawa muda. Kipimo chake huitwa athari, na kwa kawaida ni nusu saa. Ikifika zamu yako, mkondo mzima unaelekezwa shambani kwako. Ikiisha, jiwe na tambara linaziba mlango wako na mwenzako anafungua wake. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota.

"Babu, na mwenye zamu ya saa nane usiku?" niliuliza.

"Ataamka, mwanangu. Maji hayamngoji mtu."

Uzuri wa mpango huu unauona mwaka wa ukame. Mkondo ukipungua, kwa kawaida ratiba haibadiliki. Nusu saa inabaki nusu saa, ila ina maji machache, na upungufu unamfikia kila mtu kwa kadiri ya hisa yake. Hakuna hesabu mpya, hakuna kikao cha dharura.

Nikafikiria kwetu. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Yakifunguliwa Kisauni siku ya mgao, kila mtu anafungua mfereji wake kwa wakati mmoja. Mwenye pampu anavuta kwanza, aliye mwisho wa bomba anasikia hewa tu, halafu anasubiri mkokoteni wa mitungi. Ni kama seva isiyo na ratiba, ambapo programu moja yenye tamaa inakula prosesa yote.

Nayasema haya kwa sababu majirani zangu wa Mwandoni wameniomba niwatengenezee programu ya simu ya kugawa maji ya kisima chao cha pamoja. Kila wiki kuna ugomvi, na kina mama wawili walikuwa hawasemezani. Mwanzoni mpango ulikuwa kuhesabu mitungi. Nikamwuliza mzee, falaji ina haki kweli? Hakunificha. Hisa za maji ni mali: zinarithiwa, zinakodishwa, zinanadiwa, na tajiri anaweza kuwa na nyingi. "Lakini maji ya kunywa," akasema, "hayana mwenyewe." Kabla mkondo haujafika mashambani unapita mahali ambapo yeyote, mwenye hisa au mgeni, anateka ya kunywa. Kisha unapita msikitini kwa udhu na kuoga. Mashamba ni baadaye.

Basi hayo ndiyo nitakayoyaandika ndani ya programu. Kwanza, kila nyumba inateka mitungi yake ya kunywa na kupikia kabla zamu yoyote haijaanza, awe amelipa mchango wa mwezi au hajalipa. Pili, baada ya hapo tunagawa dakika, siyo mitungi, ili pampu ikichoka tupungukiwe sote. Tatu, ratiba itaandikwa pia kwa chokaa ukutani pale kisimani, kwa sababu si kila bibi ana simu ya kisasa, na zamu isiyoonekana na wote haiaminiki na wote.

Hilo la tatu halihitaji programu hata kidogo, na nadhani ndilo litakalomaliza ugomvi. Falaji zimeendeshwa karne kwa karne bila simu kwa sababu kila mtu kijijini alijua zamu ya kila mtu. Wa Mwandoni, tayarisheni chokaa. Programu naileta mwezi ujao, inshallah, na chupa moja ya marashi kwa wale kina mama wawili, wagawane.