Merikebu ya Sentimita Sabini na Moja

Wako walimu wenzetu wanaodhani kwamba kutengeneza sanamu za meli ni mchezo wa watoto, au ni starehe ya watu wa Ulaya wenye nafasi na fedha. Sina haja ya kushindana nao. Nataka tu kuwaeleza wasomaji wa jarida hili kazi tuliyoifanya hapa Bujumbura, mimi na wanafunzi wachache wa chama cha Kiswahili cha shule yetu, pamoja na fundi mmoja wa mabati wa mtaa wa Buyenzi, kwa muda wa karibu mwaka mzima; maana katika kazi hiyo nilifundisha maneno mengi zaidi kuliko niliyopata kuyafundisha ubaoni.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba ufundi huu si mgeni kwetu. Watoto wa Lamu na Unguja huchonga vijing'alawa tangu zamani, wakavitia tanga la kitambaa na kuvishindanisha ufukoni. Tena kuna habari ya mtepe, chombo kile cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, kikaendeshwa kwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Anayetaka kujua leo ilivyoshonwa hana budi kutazama picha chache za zamani na sanamu ndogo zilizochongwa na watu walioiona kwa macho. Basi sanamu ile iliyodharauliwa imegeuka kuwa shahidi.

Sisi wa Bujumbura hatuna majahazi. Tuna ziwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha karibu mita 1,470, na watoto wetu hutengeneza vigari vya waya na mabati ya makopo. Hutengeneza na vifaru pia. Mwanafunzi mmoja aliniletea kifaru cha bati kilichofanywa kwa ustadi wa ajabu, minyororo yake ikizunguka kweli kweli, na mzinga wake ukigeuka huku na huku. Nilimsifu, kwani alistahili. Lakini katika mji huu, uliopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, watoto hawahitaji kitabu ili kujua umbo la gari la kivita, nami sikutamani tuanzie hapo. Nikawaambia: tutajenga Liemba.

Hapana shaka wasomaji wengi wanalijua jina hilo, ila si wote wanaoijua habari yake. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki. Ilifungwa kwa bolti, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Huko ndiko ilikopigwa ribiti na kuunganishwa kabisa, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mafundi watatu wa Kijerumani waliosimamia kazi hiyo majina yao yameandikwa vitabuni: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Wenyeji waliobeba mabamba na kupiga ribiti katika jua la Kigoma, vitabu nilivyovisoma havikuwataja hata mmoja.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Meli ikafanywa manowari, ikatiwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg. Waingereza nao wakaleta mashua mbili za mota, zenye urefu wa mita 12 tu, kutoka Afrika Kusini kwa reli, kwa mito na kwa kuburutwa juu ya milima ya Mitumba. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa ni ya paka na mbwa. Wanafunzi wangu walicheka sana waliposikia kwamba tarehe 26 Desemba 1915 Mimi alikwenda vitani akaiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Nikalitumia neno hilo kuwakumbusha tofauti ya kiwakilishi na nomino ya pekee. Mwezi Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Lakini Götzen yenyewe ilipotokea, kamanda Spicer-Simson hakuiendea. Tulizichonga Mimi na Toutou kwa kipimo kile kile cha moja kwa mia, kila moja sentimita 12, tukaziweka kando ya ile kubwa ya sentimita 71. Hapakuhitajika maelezo zaidi.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoihama Kigoma, mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito, wakaizamisha meli kwa makusudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilitaja kuwa jina la upande wa kusini wa ziwa. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikatiwa injini za dizeli.

Sasa, mtu yeyote anayetengeneza sanamu ya chombo cha kweli hukutana na swali moja kabla hajashika msumeno: ni chombo cha mwaka gani? Meli haina sura moja. Ukiweka mzinga, umejenga mwaka 1915. Ukiondoa mzinga na kuongeza vyumba vya abiria, umejenga wakati mwingine. Kuchanganya nyakati mbili katika sitaha moja ni sawa na kuandika sentensi yenye viambishi vya njeo mbili katika kitenzi kimoja. Wavulana walitaka mzinga. Niliwaambia kwamba yasimuliwa kuwa mzinga wa kweli uliondolewa baadaye kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mti ili kuwahadaa adui. Mmoja akajibu upesi, "Basi, Mwalimu, wetu wa mti utakuwa wa kweli kabisa!" Jibu lilinipendeza, lakini swali la mwaka tuliliacha wazi, tukaanza chini.

Njia nyepesi ya kufanya umbo la meli ni kugandisha mbao bapa moja juu ya nyingine, kisha kuchonga. Sisi tulichagua njia ngumu, yaani mkuku na mataruma, kwa sababu ya lugha. Mtoto aliyekata taruma kwa mkono wake mwenyewe, akalipachika juu ya mkuku likakataa kukaa wima, halisahau neno hilo. Mbao tulizipata katika makasha ya biashara sokoni. Dohani ilitoka katika kopo la maziwa, vyuma vya ukingoni katika waya wa shaba wa mota iliyoungua, na nanga tulimwachia fundi, ambaye aliikata katika bati kwa mkasi wa kawaida pasipo kupima kitu, ikawa sawasawa.

Fundi huyo hakusoma shule, ila Kiswahili chake ni cha watu wa Buyenzi wa zamani, nacho kina mizizi mirefu. Tulipokuwa tukigandisha mabamba ya ubavuni alitwambia tukalafati viungo. Wanafunzi walimkodolea macho. Neno lile, ambalo nililitarajia katika kinywa cha fundi wa jahazi wa Pwani, lilikuwa limekaa Bujumbura miaka yote hiyo likingoja kazi. Ndipo tulipoanza daftari la maneno: omo na tezi, sitaha, ngama, fashini, usukani. Kando ya kila neno tuliandika asili yake pale tulipoweza. Manowari ni ya Kiingereza, meli vilevile, kwani zilikuwa ndizo zilizoleta barua. Merikebu na dohani zimetoka katika Kiarabu, nahodha na bandari katika Kiajemi. Ziwa letu halipakani na bahari yoyote, hata hivyo bahari nzima imo katika maneno tunayolitajia.

Methali isemayo "Tezi na omo, marejeo ni ngamani" nilikuwa nikiifundisha kila mwaka, na kila mwaka palikuwa na mwanafunzi aliyeuliza ni ugonjwa gani huo, maana tezi aijuayo yeye ni ile ya shingoni. Safari hii nilimpa meli isiyo na sitaha bado, nikamwambia apitishe kidole toka nyuma hata mbele, kisha akiangushe. Kikaangukia ngamani. Sikusema neno.

Habari ya rangi nayo ina mafunzo yake. Kumtazama mtu huyu mdogo wa majini kwa umbali wa mita moja ni sawa na kuitazama meli yenyewe kwa umbali wa mita mia, na hewa ya mita mia hufifisha kila rangi. Kwa hiyo rangi iliyo sahihi juu ya meli kubwa huwa kali mno juu ya meli ndogo. Yabidi kuichanganya na nyeupe au kijivu kidogo. Kutu tuliifanya kwa unga wa tofali, nao watoto, wakisha kuonja utamu wa kutu, hawajui kuacha. Ribiti nilizikataza. Kichwa cha ribiti cha sentimita tatu kikipunguzwa mara mia huwa kama theluthi ya milimita, hakionekani. Watengenezaji wengi wa sanamu, hata walio mabingwa, hutia ribiti kubwa kama vifungo vya koti kwa kuwa wanajua zipo.

Swali la mwaka lilijibiwa na msichana mmoja ambaye hakuwa msemaji sana. Alisema kwamba yeye alipanda Liemba mwaka 2015, akiwa mtoto mdogo, na kwamba sitaha aikumbukayo haikuonekana, kwa sababu ya watu.

Wasomaji watakumbuka machafuko ya mwaka ule. Makumi ya maelfu ya Warundi walivuka wakakusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukoni karibu na mpaka, mahali penye milima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia. Hapakuwa na gati pale. Watu walipelekwa kwa mitumbwi mpaka melini, na Liemba ikawachukua kwenda Kigoma, mamia kwa mamia kila safari. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1997 meli hiyo hiyo iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kikongo. Mimi nami niliipanda nikiwa kijana, ilipokuwa ikifika bado katika bandari yetu, kabla safari hizo hazijakatika katika miaka ya 1990. Lakini mimi nilikuwa na tikiti na kikapu cha ndizi.

Msichana akaanza kutengeneza watu. Mtu wa sentimita 170 huwa milimita 17. Njiti moja ya kiberiti hutoa watu wazima wawili. Aliwafunga nyuzi za rangi ziwe kanga na mashati, akawapa mizigo ya punje za mtama. Alifanya hivyo jioni hata jioni, akafikisha watu 312, akasema hawajatosha. Wavulana waliacha kudai mzinga bila kuambiwa.

Tulikusudia kuiweka meli katika maonyesho ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Mmoja wa waliohusika na maonyesho, ambaye simtaji, aliitazama akaisifu sana, kisha akashauri kwa upole kwamba watu waondolewe, ibaki meli tupu, kwani sikukuu si mahali pa kukumbushana mambo hayo. Nilimwuliza kama mzinga wa mwaka 1915 ungekubalika. Akasema mzinga ni historia, hauna neno. Nilitafakari jibu hilo usiku kucha. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka siku ipite salama, na katika nchi yetu tamaa hiyo si ndogo. Lakini msichana nilimwuliza mbele ya wenzake, naye akasema, "Mwalimu, wakishuka hapa, watakwenda wapi?" Basi meli haikwenda maonyeshoni.

Siku hiyo hiyo fundi aliiweka barazani kwake Buyenzi juu ya meza ya kufulia bati, akaitandikia shuka la buluu. Hatukutangaza. Walikuja majirani, wakaja wavuvi wa mukeke na ndagala, wakaja na watu nisiowajua kabisa. Wavuvi walikosoa mkao wa usukani, na walikuwa na haki, tumekwisha kuurekebisha. Mama mmoja wa makamo aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akauweka ukucha wake nyuma ya dohani, asiguse mtu, akasema, "Mie nilikaa hapa. Palikuwa na joto." Msichana akamwuliza alivaa nguo ya rangi gani. Jioni ile daftari letu liliongezeka maneno 19, mengi yakiwa ya uvuvi wa taa usiku, ambayo sikuyaona katika kamusi yoyote niliyo nayo.

Meli sasa imo katika kabati la maktaba yetu, ikiwa na watu 313. Kazi iliyobaki ni mitumbwi ya Kagunga, ile iliyowafikisha watu melini, maana bila hiyo sanamu yetu haielezi walivyopanda. Tumekadiria urefu kwa kumbukumbu za mtoto wa wakati ule, na kumbukumbu za mtoto hukuza vitu. Walimu wa Kigoma, Uvira na Kalemie wanaovijua vyombo hivyo tunawaomba watuandikie kupitia jarida hili: urefu wake, upana wake, idadi ya mbao za ubavuni, na majina ya sehemu zake kama yanavyotamkwa huko, hata kama hayafanani na ya Pwani.